Nilivyomkosoa Mwalimu Raskazone

Niliondoka Kigombe kwa sababu mwalimu mmoja Mzungu mjini Tanga alikuwa akitafuta kijana wa kumtayarisha kwa masomo ya udaktari wa falsafa, ng'ambo. Kwetu hakuna aliyewahi kumaliza chuo kikuu kabla yangu. Nilipomweleza mama akashangaa, "Kwani hujamaliza tu kusoma?" Hata mimi sikujua huko mbele kuna nini.

Ndani ya basi, mkonge kulia na kushoto, nilishika kitabu alichokiandika mwalimu yule kuhusu watu wa pwani. Nikakihifadhi kama tulivyohifadhi juzuu za Kurani kwa maalimu, nikiyumbayumba na kunong'ona. Abiria mwenzangu alisogea pembeni kidogo.

Raskazone, mtaa wa Tanga alikokaa mwalimu, nilikaribishwa chai barazani kwake. Nikakaa kitako, nikaanza kukariri kutoka ukurasa wa kwanza. Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Kitabu nakijua, nimekiandika mwenyewe," akasema kwa Kiswahili chake kizuri. "Niambie nilipokosea."

"Hujakosea, bwana."

"Basi sina nafasi ya kukupa."

Nilichanganyikiwa. Kwenye chuo chetu cha Kurani aliyemsahihisha maalimu alikula kiboko. Hapa asiyesahihisha anarudishwa kwao! Niliona ni mtego. Chai ikapoa. Lakini nafasi ile niliitaka mno.

Nikasimama. "Radhi, bwana. Umeandika wanawake wa pwani hawavui. Mama yangu hutanda uduvi."

"Hutanda vipi?"

Nikamweleza: wawili wawili, maji kiunoni, kitambaa wamekishika huku na huku, wanakikokota mpaka ufukweni, uduvi, wale kamba wadogo, wamenaswa ndani. Akatafuta kalamu.

"Hilo ndilo utakalokwenda kusomea," akasema. "Jiandae kusafiri."

Alasiri nilirudi kwa basi lile lile, nimepata nilichokifuata, na moyo mzito kama niliyefukuzwa.

Kigombe nilimkuta mama akianika uduvi.

"Shikamoo, mama. Nimepata."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi! Umewasomea nini?"

"Nimemwambia mwalimu amekosea."

Akaacha kuanika. "Usoni pake?"

"Nilimtaka radhi kwanza."

"Kwa mikono mitupu?"

Akafunga uduvi mkavu kwenye kitambaa chake cha kutandia, akanikabidhi. "Rudi ukampe."

Nilijifunza siku ile kwamba kuna elimu inayoanza pale adabu yangu ilipoishia. Ila mzigo ule, mpaka leo, sijui mama alinituma kuomba radhi au kupeleka ushahidi.