Picha ya Pembe na Maji ya Maombi

Wakati tunakaa Etterbeek, mtoto wangu alikosa nafasi ya crèche, kituo cha kulelea watoto. Aliyemlea ni madame mmoja mzee, Mbelgiji wa ghorofa ya chini yetu. Bila yeye, kazi ningeacha. Ndiyo maana yaliyotokea yananipa hasira mpaka leo.

Pasaka moja madame alikwenda baharini kwa dada yake. Kwa kuogopa wezi akaniachia picha ya mwanamke wa ukoo wake, Mfaransa wa enzi za wafalme: poda kichwani, mashavu mekundu, amechorwa kwa rangi ya maji juu ya kipande cha pembe ya tembo, kidogo kama biskuti.

"Tone moja tu la maji, ma petite, na anaondoka," aliniambia.

Nikaifungia kabatini. Nani anafungua kabati la mtu? Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Lubumbashi.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta sebuleni, mtoto mgongoni, chupa ya maji ya maombi mkononi. Kioo cha picha alishakibandua. Nyuma ya picha aliona nywele za yule mwanamke, zimesukwa vizuri, kumbukumbu kwa desturi ya watu wa zamani.

"Hii nyele ni ya mufu! Munalala nayo na mutoto?"

Pua ya Mfaransa ilikuwa imefika kidevuni. Mdomo sikuuona.

Kwetu mkwe hafokewi. Nikamgeukia mume wangu, aliyeketi katikati yetu.

"Ambia maman yako ameniua!"

"Maman, anasema..."

"Nimesikia. Umwambie pepo ilikimbia na sura yake. Na ile tembo ilikuwa yetu."

"Chérie, anasema tembo..."

"Mwambie kesho anapanda ndege!"

Mume akakohoa. "Maman, anakusalimia."

Madame aliporudi nilishuka nikamweleza yote. Aliitazama picha, akaigeuza, akagusa zile nywele.

"Bon. Nywele zipo," akasema, akafunga mlango. Kuhusu mtoto, hata neno.

Jumatatu nilishuka hivyo hivyo, mtoto kifuani, mfuko wa pampers begani. Nikabonyeza kengele. Madame akafungua, akamchukua mtoto bila kunisalimia, kisha akaangalia nyuma yangu. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye ngazi, chupa mkononi, amekuja kubariki nyumba ya madame.

"Mtoto, oui," madame akasema. "Chupa, non."