Nilimtoa Maksai Wangu Nikachukua Rili ya Baharini

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Shetani hakuwepo siku ile. Nilikuwepo mimi mwenyewe, na akili zangu zote, na simu yenye bando.

Jina langu msiniulize. Nikitaja majina ya ng'ombe wangu hapa Dirma kijiji kizima kitanijua, lakini nitayataja tu, maana bila hayo hamtanielewa. Nilikuwa na maksai wawili, Meja na Sajini. Meja alivuta upande wa kulia, Sajini kushoto, na walifundishwa pamoja tangu wadogo. Anayelima kwa plau anajua: ukimtoa mmoja, aliyebaki anakuwa ng'ombe wa kula majani tu.

Mimi bahari sijawahi kuiona. Ila mwaka jana simu ilianza kunionyesha video za watu wanaovua samaki wakubwa kama ndama. Jamaa anarusha uzi, unakwenda, unakwenda, mpaka unachoka kuangalia. Nikawa naangalia hata wakati wa kukamua. Kuna siku nilikamulia nje ya ndoo.

Jirani yetu alikuwa mwalimu, mtu wa pwani, na alikuwa amepata uhamisho kwenda mkoa mwingine ambao nao hauna bahari. Nikamkuta anapanga vitu vyake uani. Mezani kulikuwa na rili mbili, zile mashine za kuvutia uzi wa kuvulia, na fimbo zake.

Ndogo alisema ni ya kuanzia, uzi unatoka wenyewe. Kubwa ilikuwa ya baharini, ya maji chumvi, na kigurudumu chake kinazunguka kila uzi unapotoka.

"Hiyo inataka kidole gumba, kaka," aliniambia. "Unarusha huku umekigusa kigurudumu. Ukiachia kidole, kigurudumu kinazunguka kwa kasi kuliko uzi unavyokwenda, unabaki na kiota cha ndege mkononi. Wewe chukua ndogo."

Nikachagua kubwa. Niliichagua kama tunavyochagua dume mnadani: nikaipima uzito, nikaigeuza nikaiangalia nyuma, nikazungusha mkono wake nikasikiliza mlio. Nikaona ina kifua. Halafu nikajiambia, maji chumvi si tunayo? Ziwa la magadi si lile pale upande wa Getanuwas? Rili ya maji chumvi, ziwa la chumvi. Jamani, nilijiona msomi.

Mwalimu alikuwa anatafuta ng'ombe wa sherehe yake ya kuaga. Nikampa Meja.

Mke wangu nilimdanganya kwamba Meja nimemweka kwa rafiki yangu kule Masieda, akale majani mazuri kabla ya kilimo. Huku kwetu kuwekeana ng'ombe ni jambo la kawaida, mtu hahojiwi. Mke wangu akasema, "Umefanya vizuri, alikuwa amekonda." Hakuuliza tena. Uongo wangu ulilala vizuri kuliko mimi.

Wiki iliyofuata tukaalikwa kwenye sherehe ya mwalimu. Tulipofika nikaiona ngozi imeanikwa kwenye ua, na lile baka jeupe alilokuwa nalo Meja begani. Haraka nikamketisha mke wangu ageuzie ua mgongo. Wali ukaja, nyama ikaja. Mke wangu akala, akasema ng'ombe huyu amekomaa lakini ana ladha, akaomba aongezewe. Mimi nilimega kipande kimoja ili watu wasinishangae. Mpaka leo hakijashuka.

Baada ya hapo nikaanza kujifunza kurusha, kwenye shamba lililolala, nimefunga kipande cha chuma badala ya ndoano. Mara ya kwanza niliachia kidole. Uzi ulivimba kwenye kigurudumu kama alivyosema mwalimu, nikakaa chini kuufumua kuanzia asubuhi mpaka ng'ombe wa watu wakarudi. Mara ya pili nikabana sana, chuma kikarudi kikanipiga gotini. Mara ya tatu chuma kikampata kuku wa jirani. Kidole gumba kiliungua mpaka nikawa nakunywa uji kwa mkono wa kushoto, na mke wangu, maskini, akanipaka mafuta akisema nimechoka na kazi.

Kisha mvua ikanyesha.

"Kamlete Meja," mke wangu akasema. "Wenzetu wote wameshaingia shambani. Tukichelewa wiki hii, mwaka huu watoto watakula nini?"

Badala ya kusema ukweli nikabeba rili nikaenda ziwani. Nilitaka nirudi na samaki mkubwa, ili nikisema habari ya Meja niwe na kitu begani.

Ziwani nikamkuta mzee mmoja anachunga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaangalia fimbo yangu muda mrefu.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Samaki, mzee."

"Wa nani?"

"Si wa mtu. Samaki tu."

"Wamepotea lini?"

Nikamwonyesha ndoano. Akanihurumia, akasema tangu alipokuwa kijana hajaona samaki humo, lakini akiwaona atanipigia. Akachukua na namba yangu.

Nikarusha hivyo hivyo. Na ndugu zangu, siku ile kidole kilikubali. Uzi ulikwenda, ukakwenda, bila fundo, mpaka mzee akasema "Eeh." Sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile maishani mwangu. Nilipovuta, ndoano ikaja na bonge la magadi.

"Chukua," mzee akasema. "Ng'ombe wako watafurahi."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu shambani na Sajini. Alikuwa ameazima dume la jirani, Sajini amelala chini, amekataa kabisa. Mke wangu alilirudisha lile dume kwao, akanionyesha upande mtupu wa nira.

"Ingia hapo."

Nikaingia. Sajini akaninusa, akasimama, akaanza kuvuta. Tulikwenda mistari mitatu, mke wangu ameshika plau nyuma yetu. Mstari wa nne akauliza, kwa upole, "Baba watoto, Meja yuko wapi?"

Nikamwambia yote, nikiwa ndani ya nira, bila kugeuka maana siwezi. Plau ikasimama. Nilisubiri fimbo. Badala yake nikasikia sauti ndogo:

"Na mimi niliomba niongezewe."

Tulimaliza shamba siku tisa. Ule uzi wa rili mke wangu aliukata, ndio kamba yetu ya kupandia, na mistari yetu imenyooka kuliko ya mtu yeyote hapa. Bonge la magadi Sajini alilimaliza peke yake.

Wewe unayesoma haya, kama kuna kitu kwenye simu kinakuita, kwanza mwambie mwenzako mnayevuta naye. Akikataa, kubali. Mimi mwenzangu bado yupo, ananipikia, tunaongea. Ila sasa tukienda kwenye harusi au kipaimara, sahani ikiletwa hagusi. Anamwita mwenye shughuli, anamwuliza huyu ng'ombe alikuwa anaitwa nani. Watu wote wanacheka. Mimi ninaangalia chini mpaka ajibiwe.