Neno Tulilokatazwa Gereji

Siku yangu ya kwanza kazini sikusikika. Niliingia gereji ya Bwana Kanji, pale Gerezani, jirani na Kariakoo, nikatoa shikamoo mara tatu. Fundi Mkuu alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Nani anapumua hapo?" akauliza.

Nikajitaja. Akajivuta nje akanitazama. "Marahaba. Kumbe ni mtu! Wenzako wana eksozi iliyotoboka, wewe umefungwa sailensa mbili."

Sailensa ni lile kopo refu kwenye eksozi, bomba la moshi chini ya gari, linalomeza kelele za injini. Tangu siku hiyo likawa jina langu, hata mshahara niliitiwa kwa jina hilo.

Nilikuwa na elimu ya msingi tu na aibu nyingi. Hata leo naandika polepole. Lakini ninyi vijana mnaniuliza kila mara kuhusu magari makubwa ya kifahari yaliyotumika. Mnayapenda kwa rangi na viti vya ngozi, kisha mnakuja kwangu mkitaka neno moja. Nimeona niwajibu kwa maandishi, kwa sababu neno moja la mdomo liliwahi kunitia fedheha ambayo haijanitoka.

Fundi Mkuu alitufundisha kwamba gari kuukuu huulizwa maswali matatu: linakula nini, linaugua nini, na dawa yake inapatikana wapi. Baada ya hapo hupikiwa chai. Maana yake unaliwasha, unaliacha lingurume palepale, kisha unabandika birika kwenye jiko la mkaa. Chai ichemke, inyweke, vikombe vioshwe. Gari likiwa bado linanguruma, ndipo mnaweza kuzungumza.

Miaka ile ya Ujamaa magari hayakuwa mengi. Vipuri viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu. Mtaalamu wa kigeni akimaliza mkataba na kuacha gari lake, watu waliligombania. Ndivyo lilivyotufikia lile gari la Kiingereza. Lilikuwa refu, jeupe, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na viti vyake vilikuwa laini kuliko kitanda changu. Bwana Kanji aliombwa alitafutie mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa Mzee Kimaro, mtu wa Kilimanjaro, muuza maharage wa jumla hapo Kariakoo. Yeye na ndugu zake walikuwa wamechanga akiba yao yote. Mama yao alikuwa na miguu mibovu, asingeweza kupanda basi la abiria, na alitaka kula Krismasi nyumbani Moshi walau mara moja kabla hajafa.

Mzee Kimaro alikuja Ijumaa mchana, Fundi Mkuu akiwa msikitini. Nilikuwa nimekwisha kulipikia chai lile gari. Lilizima kabla birika halijachemka. Nilipoliwasha upya likazima tena, huku maji ya rejeta yakitoa mvuke. Pembeni yangu mnyoosha bodi alikuwa anagonga bati kwa nguvu zote.

"Kijana, umelionaje?" Mzee Kimaro aliuliza.

"Linazima, mzee."

"Ni zima?"

Nikadhani anarudia nilichosema. Nikatikisa kichwa kukubali.

Uso wake ulichanua. "Ahsante sana. Fundi asiyepiga domo ndiye mkweli." Akanipa mkono, akaenda zake. Nilishangaa kidogo kwamba habari mbaya imemfurahisha, lakini nani angenisikia nikiuliza?

Jumamosi asubuhi Bwana Kanji alikuja ameshika funguo. "Hongera, Sailensa. Mzee Kimaro anasema umelipitisha. Nampelekea sasa hivi."

"Bwana Kanji, linazima."

"Ndiyo, ni zima, nimesikia. Usijisifu sana." Akacheka, akaondoka nalo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikimbia na ovaroli langu la grisi, nikipita katikati ya mikokoteni na wauza ndizi. Nilipofika dukani, wateja walikuwa wamejaa mpaka barazani. Bwana Kanji na Mzee Kimaro walikuwa kwenye viti, wanakunywa soda. Mama yake Mzee Kimaro alikuwa ameshapandishwa kwenye gari, ameketi kiti cha mbele, kanga mpya kichwani, anapapasa ngozi kwa kiganja.

"Huyu ndiye fundi wangu!" Mzee Kimaro akasema. "Mpeni soda!"

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikafungua tena, ikatoka sauti ambayo mimi mwenyewe sikuijua:

"Halifai! Gari hili halifai!"

Duka zima likanitazama. Kisha mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Alaa! Kumbe hawa bado wanatunyonya?" Wote wakamgeukia Bwana Kanji. Wakati ule kuitwa mnyonyaji mbele za watu halikuwa jambo dogo. Bwana Kanji hakuwa mnyonyaji. Alikuwa ameamini neno langu, kama mwenzake alivyoliamini.

"Bwana Kanji hana kosa," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshaisha.

"Jana si umesema ni zima?" Mzee Kimaro aliuliza.

"Nilisema linazima, mzee."

Walicheka mpaka mwingine akakaa juu ya gunia. Mzee Kimaro hakucheka. "Hebu tulijaribu sasa," akasema. Akaingia nyuma pamoja nami, Bwana Kanji akashika usukani. Tulikwenda hadi Buguruni, na kwenye tuta la reli, jua likiwa utosini, gari likakohoa na kuzima.

Tukashuka kusukuma, sisi watatu, mama akiwa ndani. Vijana wa pale walitupigia makofi, Mzee Kimaro wakimwita Mangi kama waitwavyo watu wa Kilimanjaro.

"Mangi, kaza! Hilo si gunia la maharage!"

"Wanyonyaji leo wanasukuma wenyewe!"

Bwana Kanji alisukuma, shati jeupe limelowa jasho. Niliona aibu kuliko siku zote za maisha yangu. Mama alitoa kichwa dirishani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, halifiki Moshi?"

"Halifiki, mama."

Kivulini nilimweleza Mzee Kimaro majibu ya yale maswali matatu, naye aliniinamia ili asikie. Linakula petroli ya magari mawili, maana injini yake ina silinda nane. Linaugua joto. Hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini, na ikichemka hupinda. Dawa yake ipo Ulaya. Gari la kawaida likiharibika, Gerezani tutachonga kifaa. Hili litakaa juu ya matofali.

Hakulinunua. Mama alikwenda Moshi kwenye kiti cha mbele cha lori la maharage, amewekewa mito. Jumatatu Bwana Kanji aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukunishika mkono nisiondoke nalo?" Fundi Mkuu naye alitangaza kwamba humo ndani neno "zima" ni marufuku. Gari linafaa, au halifai.

Baadaye niliajiriwa karakana ya serikali karibu na bandari. Mkuu wa Karakana alinituma Dodoma, kisha Mtwara, nikarudi Dar es Salaam kustaafu. Kote huko nilipima magari ya wakubwa, na kila mara nilisema linafaa au halifai, mara mbili, nikimtazama mtu usoni. Hata nikisalimiwa, "Mzima?" hujibu, "Nafaa." Watu hudhani natania.

Mzee Kimaro alijua kisa chake. Kila tulipokutana Kariakoo alipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, "Sailensa, mzima?" nami niliinamisha kichwa kwa haya.

Nilipostaafu alikuwa hatoki tena kitandani. Nilikwenda kumwona, watoto na wajukuu wamemzunguka.

"Sailensa," akasema kwa taabu, "mzima?"

"Nafaa, mzee. Na wewe?"

Midomo yake ilicheza, sauti ikatoka ndogo kama yangu.

"Anasema ni mzima!" binti yake akashangilia. "Bwana asifiwe!" Chumba kizima kikatabasamu.

Mimi nilikuwa nimeinama karibu na nilisikia vizuri. Alisema, "Nazima."

Akanitazama kuona kama nitasema. Nikaushika mkono wake, nikanyamaza.