Swichi ya Ukutani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutobandika karatasi ya “usizime” kwenye swichi ya ukutani.

Kila nikisikia harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya kompyuta, hasira ya siku moja hunirudia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimejifundisha mwenyewe kuweka mfumo wa Linux kando ya Windows, na mashine ikawa inaganda ovyo. Siku hiyo nilikuwa nikigawa diski upya ili mashine itulie. Nakala ya mafaili sikuweka, na humo ndimo zilimokuwa sauti zilizorekodiwa za marehemu nyanya, alizotutumia Birmingham kutoka Nairobi. Mama akavaa buibui, akazima swichi kama afanyavyo kila anapotoka, kazi ikakatika katikati na mafaili yakapotea.

“Mama! Nilikuambia usizime!”

“Uliniambia nikiswali, tena kwa Kiingereza. Kwani hiyo ni kompyuta ama mgonjwa wa ICU?”

Yeye azime, lawama ziwe zangu!

Kwa siku tatu programu ya kuokoa mafaili ilichambua diski, ikarudisha faili moja tu, lisilo na jina. Nililifungua. Sauti ya nyanya ikasema, “Na mkitoka mzime stima, mnasikia?”

“Umesikia?” mama aliniuliza, huku akilia.

Siku hizi naweka nakala mbili kabla sijagusa chochote, na nikitoka nazima swichi.