Ncha Iliyochungulia Mlangoni

Siku baba alipokufa, mama alimsikia akianguka, lakini hakumwona.

Baba alikuwa amejifungia chumbani apumzike mchana, kama kawaida yake. Mlango aliutengeneza mwenyewe, mbao nene, hauna hata ufa wa kupitisha unywele.

Mama aligonga. Akaita. Akagonga tena kwa viganja vyote viwili.

Mimi nilikuwa karakana. Nilipofika, na majirani walipofanikiwa kuvunja komeo kwa mtaimbo, baba alikuwa ameshaondoka.

Naandika haya nisije nikasahau yalivyokuwa. Lakini kilichonitia hofu hasa kilikuja baada ya mazishi.

Kesho yake, waombolezaji walipoanza kupungua, niliingia chumbani kwangu mchana, nikafunga komeo, nikalala kama gogo.

Kilichoniamsha ni mlio.

Kriii. Kimya. Kriii. Kimya.

Mlio ule nimekua nao. Ni kekee ya baba, ile ya kuzungusha kwa mkono, aliyokuwa akitobolea matundu ya duara kwenye mbao.

Nikajiambia naota.

Kisha nikautazama mlango. Unga wa mbao ulikuwa ukidondoka. Ncha ndogo ya chuma, nyembamba kama sindano, ikachungulia ndani. Ikazunguka mara moja.

Ikasimama.

"Nani?" nikapiga kelele.

Ncha ikarudi ilikotoka.

Nilivuta shuka mpaka kidevuni. Pengine unasema, mwizi tu huyo. Hapana. Mwizi ningemwelewa. Kilichonimaliza ni pale ncha iliposimama.

Ngoja nieleze.

Ukitaka tundu la duara lililonyooka, unachora duara kwa bikari, unaweka ncha ya kekee katikati, unaegemea kile kishikio cha duara cha nyuma yake, unazungusha. Lakini hutoboi moja kwa moja. Ukitoboa moja kwa moja, jino la kekee linatokea upande wa pili kwa pupa, linaipasua mbao, na tundu linabaki na midomo iliyochanika.

Unaacha pale ncha inapochungulia tu. Halafu unahamia upande wa pili, unaiweka ncha kwenye kile kitundu, unamalizia kutoka huko.

Kwenye jambo hilo baba alikuwa haambiliki. Tangu nikiwa mdogo, mimi ndiye niliyesimama upande wa pili wa mbao. Nikiona ncha napaza sauti, "Imechungulia!" Naye anaacha papo hapo.

Na huyu wa mlangoni aliacha papo hapo.

Maana yake alifundishwa na baba. Au ni baba mwenyewe.

Na kama ni mkono ule, basi kazi ilikuwa nusu. Upande wa kumalizia ulikuwa ndani, nilipokuwa mimi.

Nilikaa pale kitandani kitambo, kisha nikashuka. Nikafungua. Koridoni hapakuwa na mtu. Upande wa nje wa mlango kulikuwa na duara kubwa kama mdomo wa glasi, limechimbwa safi kabisa. Sakafuni hapakuwa na chembe ya unga. Palikuwa pamefagiliwa.

Jini gani anafagia?

Mama alikuwa sebuleni peke yake, kitambaa cha kichwa amekishusha mpaka kwenye nyusi.

"Mama, nani kapita hapa?"

"Apite nani, mwanangu?"

"Hukusikia kitu?"

"Masikio yangu yamechoka kusikia."

Nikamwacha na huzuni yake, nikakimbilia karakana. Msumari ambao kekee hutundikwa ulikuwa mtupu.

Hapo ndipo nikamkumbuka Chapchap.

Chapchap ni fundi aliyefanya kazi na baba, kisha baba akamtimua. Aliondoka akibwata, "Ipo siku nitaingia humu bila kupiga hodi!" Mazishini alikuja. Nilimwona akiipapasa milango ya nyumba yetu mmoja mmoja, kama mnunuzi.

Sikuwa nimemaliza kuwaza nilipoona kivuli mlangoni pa karakana.

"Pole na msiba, dada."

Nilinyakua nyundo.

"Duh! Nimekuja kukupa pole, wewe unataka kunipeleka kwa Mzee?"

"Kekee iko wapi?"

"Kekee ipi?"

"Usinizungushe, Chapchap! Umetoboa mlango wangu nikiwa nimelala!"

Aliacha kucheka. "Nionyeshe."

Nilimtanguliza mbele, nyundo mkononi. Alipofika mlangoni akainama, akapitisha kidole ndani ya lile duara, akazunguka upande wa ndani, akaigusa ile alama ya ncha. Nikaona macho yake yanalengwalengwa.

"Dada, unajua Mzee alinifukuzia nini?"

"Mlikorofishana."

"Alinifukuza kwa sababu ya hiki hiki. Mimi nilikuwa natoboa moja kwa moja, chap chap, nikaharibu mbao za watu. Ningetoboa mimi, mlango wako ungekuwa umechanika kama kiatu cha mlevi. Mimi kazi safi hivi sijawahi kuifanya maishani, na siyo siri."

Nikaishusha nyundo. Lakini hofu ndiyo kwanza ikaongezeka, maana kama si Chapchap, amebaki nani?

"Sasa ni nani?" niliuliza.

Alipima kwa kiganja kutoka sakafuni mpaka kwenye duara.

"Mfupi. Tena hana nguvu za kusukuma kwa kifua. Tundu limekaa usawa wa uso wake, kwa hiyo ameegemea kishikio cha kekee kwa paji la uso. Mzee alikuwa anatukataza, kinaacha muhuri."

Tukatazamana.

Kitambaa kilichoshushwa mpaka kwenye nyusi.

Nilirudi sebuleni, Chapchap nyuma yangu, nikapiga magoti mbele ya mama. Hakunizuia. Nilikisogeza kitambaa taratibu. Katikati ya paji lake la uso kulikuwa na alama ya duara, nyekundu, kubwa kama kifuniko cha chupa.

"Mama."

"Baba yako alipoanguka, nilisikia," alisema. "Nikasikia na pumzi zake. Mlango ukaninyima hata pa kuweka jicho. Halafu na wewe unajifungia mchana, unalala kimya kama yeye. Nikasimama pale nje, nikashindwa kujua kama unapumua."

"Si ungeniambia?"

"Nilikuambia usifunge komeo. Ukaniambia, mama, acha hizo. Wewe na baba yako kichwa kimoja."

"Na kekee? Nani alikufundisha kekee?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Kabla hujazaliwa, unafikiri nani alikuwa anasimama upande wa pili?"

Chapchap alitoka nje, akijidai anapenga kamasi.

Kekee ilikuwa chini ya kitanda cha mama, imefungwa kwenye shuka. Niliichukua, nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango. Ncha nikaiweka kwenye kile kitundu, nikaegemea, nikazungusha.

"Inyooshe!" mama alisema kutoka nje. "Umeinamisha mkono. Polepole, mwanangu."

Kisahani chembamba cha mbao kikaanguka. Nilipoinua uso, jicho la mama lilikuwa pale, ndani ya duara, linanitazama.

Nilichojifunza ni kidogo. Siku zile niliogopa wafu, nikaogopa na walio hai, ila sikuuliza hata mara moja mama anaogopa nini. Kama mmebaki wawili nyumbani, muulize mwenzako.

Komeo bado nafunga, mazoea. Kila mchana nikilala, mama huja, huchungulia, huondoka.

Mlango mpya wa chumba chake uko mezani karakana. Duara nimeshalichora, kwa usawa wa macho yangu.