Mimba Imeukataa Mji

Lifti ya jengo letu la Berea ilikufa kabla mimi sijafika Johannesburg, na watu wakaigeuza jaa. Mlango wake ulikuwa umepinda kila ghorofa, na kila mtu alipenyeza chake: nepi, maganda ya viazi, kuku walioozea kwenye friji umeme ulipokatika. Mimi na mume wangu tulikaa ghorofa ya sita. Joto la mchana lilipopanda, uvundo ule ulipanda nalo mpaka mlangoni kwetu. Nilikuwa nimeuzoea, nikipika na kula na kucheka humo humo. Kisha mwaka 2017 nikapata mimba, pua yangu ikafunguka, na toba ya Rabi, ndipo nilipojua ninapoishi.

Kila kitu kilinitia kinyaa. Kitunguu kikikaangwa, natapika. Bomba la bafuni likiziba kwa nywele za bandia, natapika. Fleti tuligawana na msusi mmoja wa Lubumbashi, sisi chumbani na yeye sebuleni nyuma ya pazia, na nywele za wateja zilimfuata mpaka nyumbani, kwenye nguo, kwenye sabuni, mara nyingine kwenye sukari. Mende walilala ndani ya birika. Nilikuwa nikiligonga kila asubuhi watoke kwanza, ndipo niweke maji, na nilikuwa naona ni jambo la kawaida kabisa! Sasa nilikuwa nikiliangalia birika lile kutoka mbali, kitambaa puani, nikilaani siku niliyopanda basi kuja nchi hii.

Kwetu Tanga mimba inasikilizwa. Ikitaka udongo, utaletewa udongo; ikitaka embe bichi na si msimu wake, watu watahangaika. Na ikimkataa mtu, mtu huyo anakaa mbali na hana ruhusa ya kununa. Yangu ilimkataa mume wangu. Yeye ni mtoto wa Dar, alikuwa akitengeneza simu na kuuza makava mjini, kwenye kona moja karibu na robot, zile taa za barabarani, na hakuwa anatoka nyumbani bila kujimwagia marashi. Marashi yale niliyapenda mpaka yakanitia uchizi wa ndoa, lakini mimba ikayakataa vibaya mno. Nilimwambia, "Bwana wewe, unanuka." Akachukua godoro dogo akahamia jikoni. Na hakukasirika! Aliwatangazia watu wote, tena kwa majivuno, "Eish, mimba imenikataa, mwenzenu nalala na masufuria."

Katika hali hiyo ndipo rafiki yake wa utotoni alipompigia simu. Rafiki huyo alikuwa na duka, spaza kama wasemavyo huku, katika mji mdogo wa pwani ya baridi kule chini Cape, na alitaka kufungua la pili. Akamwambia mume wangu: njoo ulishike wewe, na nyumba iko nyuma ya duka. Mume wangu alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni, mbali, kwa adabu ya mtu aliyekataliwa. "Kule hewa safi, mke wangu. Unatembea na simu mkononi na hakuna anayekuangalia. Na bahari ipo, wewe si mtu wa bahari?"

Sikumlaumu kwa kutamani. Alikuwa ameshaporwa kwenye ngazi za jengo letu, na kila fujo za kuwafukuza wageni zilipoanza mjini, alikunja meza yake akaja kujifungia ndani na sisi wanawake. Mwanamume anachoka. Na mimi, kwa kusikia neno hewa safi tu, niliona kama nimefunguliwa dirisha. Nikasema twende tukauone.

Tulikwenda mwezi wa Julai, baridi ya kipupwe, kwa basi la masafa marefu kisha kwa teksi. Mji wenyewe ulikuwa msafi, lazima niseme haki. Nyumba nyeupe, barabara zimefagiwa, watu wachache wamevaa masweta, kila mtu na mbwa wake. Tukashuka ufukweni. Mwe! Ile si bahari ninayoijua mimi. Maji ya kijivu, baridi inauma meno ukiyaangalia tu. Mwani mnene kama mipira ya kumwagilia bustani umerundikana na kuoza, na nzi juu yake hata katika baridi ile. Kwenye mawe walilala sili, minyama mikubwa yenye masharubu, inabweka na kujinyea. Na juu ya yote hayo upepo ulileta moshi wa kiwanda kinachosaga vichwa na matumbo ya samaki kuwa chakula cha kuku. Shombo ile haikupita puani, ilikaa kwenye ulimi.

"Hewa safi," nikamwambia mume wangu, na shali mdomoni.

Akacheka. "Upepo ukigeuka inaondoka."

Duka la rafiki yake lilikuwa nyuma ya mji, kwenye makazi ya watu maskini, limezungukwa na nondo mbele na nyuma. Chumba cha kulala kilikuwa nyuma ya rafu za mchele, kimegawanywa kwa pazia. Kuvu nyeusi ilikuwa imepanda ukutani kutoka chini, na mswala wa kusalia ulikuwa na madoa ya kijani. Mke wa mwenyeji wetu, binti wa Kipemba, mdogo kwangu, alitupokea kwa furaha ambayo ilinitisha. Alinishika mkono na hakuuachia. Alizungumza haraka haraka, anaruka kutoka jambo hili hadi lile, kisha akaniambia, "Nisamehe dada, tangu sikukuu ya mwaka jana sijazungumza Kiswahili na mwanamke." Nikamuuliza shombo ile anaivumiliaje. Akashangaa. "Shombo gani?"

Tukakaa kula, mkeka mmoja, sinia moja, samaki mweupe laini na wali. Mimi nilikula wali wa pembeni. Mwenyeji alikuwa mtu wa maneno mengi, ananiita shemeji kila baada ya tonge. Akataka kunitia moyo.

"Shemeji, usiogope kuzalia huku. Muulize mwenzio. Uchungu ulimshika saa ya watu kutoka kazini, duka limejaa, hospitali mbali. Nikamwambia mke wangu, vumilia kidogo niwahudumie hawa. Akavumilia! Amezaa hapo hapo nyuma ya pazia, peke yake, kanga mdomoni, na wallahi hakuna mteja hata mmoja aliyejua. Huyo ndiye mke!"

Akacheka huku akijipiga paja. Mkewe alikuwa akimtolea mtoto miba, hakuinua uso. Mume wangu naye akacheka. Si sana, lakini alicheka.

Nilitapika pale pale, juu ya mkeka wa watu. Sikuwahi hata kuinuka.

"Samaki!" mwenyeji akapiga kelele. "Mimba haitaki samaki! Mwondoleeni samaki!" Wakamwondoa samaki. Yule binti akaleta maji na majivu, akafuta, na alipoinama karibu yangu tukatazamana. Yeye alijua si samaki.

Ndani ya basi la kurudi nilimwambia mume wangu, kiti kimoja kikiwa katikati yetu kwa ajili ya marashi. "Mimi sikutapika kwa sababu ya samaki. Nimetapika kwa sababu ya rafiki yako." Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma iliniudhi kuliko tusi. "Mimba hiyo, mke wangu. Ikitulia utaona mambo vizuri." Nikasema mji ule siutaki. Akasema, "Najua, imeukataa. Subiri ipite." Yaani nilikuwa nimekaa pale na mdomo wangu na akili zangu, halafu ananisikiliza tumbo!

Mama yake, kwa simu kutoka Dar, ndiye aliyetoa hukumu. "Msimlazimishe mwana wa watu. Mimba ikikataa mahali, isibishiwe. Mtahama ikishatulia." Rafiki akaambiwa asubiri, naye akakubali, maana hata yeye anajua mambo ya mimba hayabishiwi. Kila alipopiga, nilimsikia mume wangu jikoni: "Bado, ndugu yangu. Mimba inakataa."

Basi nikaanza kukipenda kichefuchefu changu. Kila asubuhi nilipofumbua macho nilinusa kwanza. Lifti inanuka? Inanuka. Birika linanitia kinyaa? Linanitia. Alhamdulillahi. Nilitapika kwa shukrani. Nilikuwa naogopa siku kitakapoisha, kwa kuwa kilikuwa ndicho pekee kinachosikilizwa ndani ya nyumba ile, na kikinyamaza mimi ningejikuta nyuma ya pazia kama lile, kanga mdomoni, wateja wanachagua sukari.

Kikaisha. Msusi alikuwa jikoni akipika makayabu, yule samaki wao wa chumvi, mkavu, ambaye akilowekwa ananuka mpaka majirani wanagonga mlango. Nilitoka chumbani nikiwa nimejiandaa kukimbilia bafuni, na badala ya koo kufunga, mate yakanijaa mdomoni. Nikachukua kipande kwa vidole kutoka kwenye sufuria. Nikachukua cha pili. Kisha nikafahamu nimefanya nini, nikaanza kulia.

"Yaya, unalia nini?" msusi akauliza. Alikuwa akiniita yaya, dada mkubwa, ingawa tulilingana. "Mutoto anakupiga?"

"Kichefuchefu kimeisha."

"Bon, si umushukuru Mungu?"

Nikamweleza yote, mji, pazia, kanga. Akasikiliza huku anageuza samaki wake. Nilipofika mahali pa kanga aliacha kugeuza. Akasema, "Basi usimwambie kitu. Tapika tu. Banaume banaogopa matapishi kuliko maneno."

Tukawa na mchezo wetu. Mume wangu akitaja ule mji, mimi mbio bafuni, nafungua bomba, nakohoa kwa nguvu. Msusi anasimama nje ya mlango anapaza sauti, "Pole sana yaya, iyi mimba iko na kichwa nguvu!" Ndani humo nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa bafu lenye utando mweusi, naangalia nywele za bandia zikizunguka kwenye tundu, na zilinichukiza bila msaada wa mimba, chukizo la kawaida, la mtu mzima. Nilichukizwa pia na nafsi yangu, mwanamke mzima anajificha chooni ili asiseme hapana. Lakini nilijificha.

Siku moja polisi walipita mjini wakikusanya bidhaa za wachuuzi, mume wangu akakunja meza akarudi mchana. Alitukuta mimi na msusi tumekaa chini jikoni, sufuria la makayabu katikati, vidole vyote vya mafuta, tunacheka mpaka machozi. Akaingia na marashi yake. Nikasahau kushika pua.

Akasimama. "Husikii harufu yangu?"

"Naisikia."

"Na samaki huyo?"

Ningesema nini? "Mtamu."

Akaketi juu ya kreti taratibu. Msusi akataka kuinuka, nikamshika gauni akae. "Basi," mume wangu akasema, "tuzungumze habari ya mji." Nikangoja tumbo linisaidie. Kimya. Lilikuwa linataka samaki zaidi.

"Siendi," nikasema.

"Umelipenda hili jaa?"

"Nalichukia! Nalichukia kila siku ya Mungu. Nanusa mavi ya watu nikilala na mavi ya watu nikiamka, nagonga mende kwenye birika, hakuna pahala pa kinyaa kama hapa. Lakini hapa uchungu ukinishika nitapiga kelele mpaka wa ghorofa ya kwanza wasikie, na watapanda."

"Mi nitasikia," msusi akasema, macho kwenye sufuria. "Hata niko ku salon, batanifwata."

"Kule nitauma kanga," nikasema. "Na wewe ulicheka."

"Mimi?"

"Rafiki yako aliposimulia. Ulicheka."

Akaziangalia skrini za simu zilizovunjika kwenye mfuko wake. Niliogopa. Alikuwa na haki ya kuchoka na mji huu, na nilijua ninamnyima kitu. Hata hivyo sikulirudisha nililosema.

Kisha akatoa simu akampigia rafiki yake, hapo hapo, mbele yetu. Nikamsikia yule akiuliza habari za mimba.

"Mimba haina neno," mume wangu akasema. "Imetulia siku nyingi." Akaniangalia. "Mke wangu ndiye amekataa."

Rafiki akacheka. Alicheka kwa sauti, kicheko kile kile cha kujipiga paja, hata msusi alikisikia kutoka alipokaa. Mume wangu aliishika simu sikioni mpaka kicheko kikaisha, na yeye hakucheka.