Chumvi ya majivu niliyompelekea Papa

Nawaomba wanaoendesha ukurasa huu wafiche jina langu na mtaa wangu. Nina miaka thelathini na minane, nina watoto watatu, naishi Kisangani. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa Papa, baba yangu. Mama yangu alikufa zamani, na Papa akaoa mwanamke mfanyabiashara kutoka Butembo, nitamwita Mama Noëlla. Wameishi pamoja miaka kumi na minne. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea, bila kujitetea.

Mwaka jana figo za Papa zilianza kushindwa kazi. Daktari alimwandikia karatasi ya chakula: chumvi hapana, samaki wa chumvi wa makayabu hapana, maharage hapana, ndizi hapana. Mama Noëlla aliifuata neno kwa neno. Pondu, yale majani ya muhogo, aliichemsha, akamwaga maji, akaichemsha tena kwa maji mapya. Viazi alivikata vidogo na kuviloweka tangu asubuhi. Samaki alimfunga kwenye majani kwa ndimu na kitunguu saumu, basi. Siku moja alinipa nionje. Nilimeza kwa sababu alikuwa ananiangalia.

Papa aliuza samaki wa moshi kati ya Isangi na Kisangani maisha yake yote. Chakula hicho alikiacha nusu, akakonda. Tonton zangu wawili, wadogo zake, kila wakija walifunua sufuria na kucheka. Mmoja alimwambia Mama Noëlla kwamba hata gerezani watu wanakula vizuri kuliko hapa. Mama Noëlla alirudisha mfuniko. Baadaye wakaanza kusema nje kwamba anamuua kaka yao kwa njaa ili abaki na nyumba.

Ndipo niliposhuka Yanonge kwa Tante Mado, dada mkubwa wa Papa, nikamweleza jinsi ndugu yake anavyokula. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi cha jani la mgomba chenye chumvi ya kijivu. Anaitengeneza mwenyewe: anakausha majani yanayoelea mtoni, anayachoma, anachuja majivu yake kwa maji, kisha anachemsha yale maji mpaka yakauke.

"Munganga alikataza chumvi gani?" aliniuliza. "Ile ya boutique. Hii haiko ya boutique, iko ya bankoko, ya babu zetu. Bankoko walikula hii, na hakuna mutu alisikia habari ya figo."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Nilimpa Papa kile kifurushi Mama Noëlla akiwa sokoni. Alikinusa, akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue. Hakuna aliyesema Mama Noëlla asijue, lakini wote wawili tulielewa. Wiki nzima alimaliza sahani. Mama Noëlla aliniambia kwa furaha kwamba hatimaye mzee amezoea. Nilimjibu kwamba ni vizuri.

Kisha Papa akalalamika kwamba miguu imekuwa mizito. Siku ya tisa alianguka akitoka kuoga. Hospitalini daktari alishika mkono wake, akahesabu mapigo, akahesabu tena. Vipimo vilipotoka alisema kuna kitu kinaitwa potasiamu, kimejaa kwenye damu, na kingeweza kusimamisha moyo wakati wowote. Akauliza nani anapika nyumbani.

Tonton wote wawili waligeuka kumwangalia Mama Noëlla. Na mimi niligeuka. Alisema amefuata karatasi. Papa alikuwa macho, alisikia. Aliniangalia kidogo, akafumba macho.

Walimtibu, moyo ukarudi sawa. Kesho yake nilimtafuta daktari peke yangu, nikamuuliza kuhusu chumvi ya majivu kama vile ninamuulizia jirani. Alisema kwa mgonjwa wa figo hiyo ni mbaya kuliko ya dukani, kwa kuwa majivu ya mimea yamejaa ile potasiamu. Aliongeza kwamba huyo jirani akirudia, huenda asifike hospitali.

Papa aliporudi nyumbani nilimwaga chooni chumvi iliyobaki, nikamwambia ni lazima tuseme ukweli. Alinijibu polepole.

"Niko na miaka sabini. Acha nikule. Ukisema, watakuita ndoki, wewe na Mado."

"Na Mama Noëlla?"

Aligeukia ukuta.

Kuhusu hilo neno ndoki, yaani mchawi, hakunitisha bure. Kwetu, mtoto aliyemlisha baba yake kitu kwa siri hadi akaanguka, hakuna atakayesema alikosea tu bila kujua. Nimeona mama mmoja akitolewa nyumbani kwa mawe kwa jambo dogo kuliko hili, na watoto wake wakiangalia.

Jumapili tonton walikaa kikao. Mama Noëlla amepewa mpaka Jumamosi awe ameondoka. Nilikuwepo, ninagawa chai. Hakulia wala hakubishana. Aliuliza swali moja tu: nani atampikia mzee. Tonton mkubwa akajibu kwamba Tante Mado amekubali, anapanda na mtumbwi wa Jumamosi.

Nilimpigia Tante Mado simu siku hiyo hiyo, nikamweleza yote aliyosema daktari. Alicheka.

"Chumvi yangu ilishaua nani? Ni ule mwanamuke alimukausha ndugu yangu. Nitamurudisha nguvu, utaona. Nimeshajaza kopo mbili."

Leo ni Alhamisi. Mama Noëlla anafunga vitu vyake, na mimi namsaidia kukunja nguo. Jana Papa aliuliza mara mbili kama dada yake ameshatoka Yanonge.

Ninyi mnaosoma, msiniambie niombe, nimeshaomba. Niambieni nianze na nani: tonton, daktari, au huyu mwanamke ninayemkunjia nguo? Na nikifungua mdomo, neno la kwanza liwe lipi?